Anza na Ncha: Ninavyotunza Nywele Zangu Ndefu

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni "unapaka nini?" Mtu akishaona nywele zimefika katikati ya mgongo anaamini kuna kopo mahali limefichwa. Jibu langu huwaudhi wengi: ngozi ya kichwa siipaki karibu chochote. Ninachokihangaikia ni ile sehemu ya mwisho kabisa, huku chini.

Ni hesabu tu. Nywele za kichwani huota kwa wastani wa sentimita 1 kwa mwezi. Wengine huzidi kidogo, na wenye nywele zilizojikunja sana mara nyingi hupungukiwa kidogo. Kwa mwaka unapata kama sentimita 10 hadi 15, upake usipake. Kila unywele una muda wake wa kuota, kati ya miaka 2 na 7 kutegemea urithi wako, kisha hupumzika miezi kama mitatu, hudondoka, na mwingine huanza pale pale. Sasa chukua mtu anayelalamika kwamba nywele zake zimegoma mabegani mwaka wa tatu huu. Katika muda huo zimeota sentimita 30 na ushee. Ziko wapi? Zimebaki kwenye chanuo, kwenye foronya, kwenye kola ya koti. Zinaota juu na kukatika chini kwa kasi ile ile.

Na unywele ukishachomoza kwenye ngozi hauna uhai tena. Hauna damu wala neva, haujitibu ukipasuka. Ncha ya unywele wa sentimita 60 ina umri wa karibu miaka mitano. Imeoshwa, imechanwa, imebanwa, imeungua na jua miaka yote hiyo. Ishike kama unavyoshika hariri kuukuu.

Kabla hujanunua chochote, jua kwanza kama nywele zako zinanyonyoka au zinakatika. Okota zilizobaki kwenye chanuo uzitandaze juu ya karatasi, nyeupe au nyeusi, yoyote itakayozionyesha vizuri. Unywele mrefu wenye kinundu cheupe upande mmoja umetoka na mzizi wake: muda wake umeisha, na kupoteza kati ya 50 na 100 za namna hiyo kwa siku ni kawaida. Ndiyo maana ukifumua nywele zilizokaa zimesukwa wiki kadhaa unapata rundo la kutisha. Ni zile za kila siku zilizokosa pa kudondokea. Vipande vifupi visivyo na kinundu, hivyo ndivyo vilivyokatika, na ushauri wangu karibu wote unahusu hivyo.

Kunyonyoka kwa mafungu ni habari nyingine. Mara nyingi hutokea miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua, homa kali, upasuaji au kupungua uzito kwa haraka, na kwa kawaida nywele hurudi zenyewe. Upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo pia hunyonyoa nywele, na hayo yanaonekana kwa kipimo cha damu. Ukiona viraka vya mviringo, vidonda, au ngozi inawaka moto, nenda kwa daktari wa ngozi. Saluni haina la kukusaidia hapo.

Turudi kwenye chanuo, maana humo ndimo nywele nyingi zinamopotelea.

Nywele zilizojikunja sichani kavu. Nazigawa mafungu manne, au sita zikiwa zimefungana sana, kila fungu nalibana na kibanio chake. Nalilowesha fungu moja, nalijaza kondishena mpaka likiguswa linateleza, kisha naanza na vidole kabla ya chanuo. Kidole kikikutana na fundo kinalisikia. Chanuo halisikii, linapita nalo. Fundo silivuti kwenda chini. Nalishika kwa juu ili mzizi usivutwe, halafu nalilegeza unywele mmoja mmoja kutoka pembeni, na mara nyingi ndani yake utakuta ule unywele uliokwisha kudondoka umejizungusha kwenye wenzake. Ukiuchomoa huo, fundo lote linaachia. Hapo ndipo linapita chanuo la meno mapana, ncha kwanza, nikipanda juu kidogo kidogo. Mwenye nywele zilizonyooka afanye kinyume kwenye jambo moja: azichane zikiwa kavu au zimekauka nusu, kwa sababu nywele zikilowa huvutika na kudhoofika, na za kwake hazina haja ya maji ili kufunguka. Brashi za Denman na Tangle Teezer zina wapenzi wao. Mimi ya Denman naitumia kupanga mawimbi baada ya kufungua mafundo, kamwe si kuyafungulia.

Inachosha, sikatai. Siku nikiwa na haraka sizigusi kabisa, na huo nao ni utunzaji.

Shampuu ni kazi ya ngozi ya kichwa, si ya urefu. Naipaka kwenye mizizi, nasugua kwa ncha za vidole bila kucha, na povu linalotiririka wakati wa kusuuza linatosha kabisa kusafisha huko chini. Kurundika nywele zote juu ya utosi na kuzifikicha kama nguo ndiko kunakozaa mafundo. Mara ngapi kwa wiki? Inategemea mafuta ya ngozi yako. Wenye nywele zilizonyooka huona mafuta yamefika chini baada ya siku moja au mbili. Kwenye nywele za kipilipili mafuta hayo hayafiki mbali, kwa hiyo wiki moja hadi mbili si uchafu. Ila ukiwa na mba usijinyime kuosha kwa imani kwamba maji yatakausha nywele. Mba hupungua kwa kuosha, hasa kwa shampuu yenye ketokonazoli au zinki pirithioni, na kuipaka mafuta kunaificha tu huku chachu inayochochea mba ikiendelea kujilisha.

Magadi ya kuokea kama shampuu naomba uyaache. Shampuu nzuri ina pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, ya karibu 5. Magadi yanapita 8, na kwenye kiwango hicho magamba ya nje ya unywele yanainuka, yanakwaruzana na kukwama.

Kama ningeruhusiwa bidhaa moja tu maishani, ningechukua kondishena. Wala si lazima iwe ya bei kubwa. Geuza chupa usome orodha ya viambato: vimepangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo. Natafuta maji mwanzoni, kisha kitu kama cetyl alcohol au cetearyl alcohol, kisha behentrimonium chloride au behentrimonium methosulfate, ambavyo ndivyo vinavyoleta ule utelezi. Usishtuke kuona neno alcohol hapo. Hizo ni alkoholi za mafuta, zinalainisha. Ya kuikwepa ikiwa juu kwenye orodha ni alcohol denat, ile inayokausha. Na ukiona mafuta ghali yaliyochorwa makubwa mbele ya chupa yamejificha nyuma ya harufu na kihifadhi kwenye orodha, ujue ulichonunua ni picha. Silikoni, kama dimethicone, nami sizichukii jinsi zinavyochukiwa siku hizi. Zinapunguza msuguano vizuri sana, na zikirundikana shampuu ya kawaida huziondoa.

Mafuta sasa. Watu hupaka mafuta juu ya nywele kavu wakitegemea zilainike, halafu wanashangaa zinang'aa na bado zinavunjika kama vijiti. Mafuta hayaongezi maji, yanachelewesha tu yaliyomo kutoka. Kwa hiyo maji kwanza: mimi nina chupa ya kupulizia yenye maji na kondishena kidogo, nanyunyiza ncha, kisha tone la mafuta kiganjani. La nazi lina sifa yake ya pekee. Mwaka 2003 watafiti Rele na Mohile wa India walichapisha ulinganisho wa mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini kwenye nywele, kwa sababu asidi yake ya loriki ina molekuli ndogo iliyonyooka inayoweza kupenya ndani ya unywele. Ndiyo maana nayapaka kabla ya kuosha, saa kadhaa au usiku kucha, kwenye urefu na si kwenye ngozi. Mafuta ya mbarika nayatumia kidogo mno kwenye ncha kwa uzito wake. Kwamba yanaotesha nywele, hilo halijathibitishwa. Siagi ya shea inafaa kwa nywele nene, ila nywele nyembamba zilizonyooka inazilaza chapachapa.

Yai kichwani nalo? Protini yake ni kubwa mno kupenya kwenye unywele. Ukihitaji protini, tafuta iliyovunjwavunjwa, kwenye lebo inaandikwa hydrolyzed keratin au hydrolyzed wheat protein. Zinaihitaji zaidi nywele zilizotiwa rangi au dawa. Vuta unywele mmoja uliolowa polepole: ukirefuka kama mpira usirudi, umekosa uimara, ukikatika papo hapo bila kuvutika, punguza protini uongeze kondishena. Kipimo hiki si cha maabara, lakini kimenisaidia kuacha kununua vitu kwa kubahatisha.

Kuhusu moto nitasema machache. Pasi ya nywele isizidi nyuzi 180 na isiguse nywele zenye unyevu hata kidogo. Maji yaliyomo huchemka humo humo na kuacha mapovu ndani ya unywele, na unywele wenye mapovu lazima uvunjike hapo. Ukisikia "chiii" na kuona mvuke, simama.

Kusuka kunalinda ncha kweli, kwa sharti kwamba mizizi haiteswi. Hapa mimi ni mkali. Nywele zilizosukwa vizuri haziumi. Ukilazimika kumeza dawa ya maumivu ili ulale, ukiona vipele vidogo kandokando ya paji au nyusi zimepanda juu zenyewe, msuko huo fumua, hata kama umelipia jana. Wasusi wana msemo wao, "vumilia, zitalegea." Zitalegea ndiyo, na nywele za pembeni zitakuwa zimeondoka nazo. Tatizo hili halichagui aina ya nywele: limeandikwa na madaktari tangu mwaka 1907, kwa wanawake wa Greenland waliobana nywele zao kwa kuzivuta. Likiwahiwa nywele hurudi. Likiachwa miaka, ngozi hufanya kovu, inang'aa laini, na hapo hakuna mafuta yatakayotoboa. Hatari huongezeka nywele zenye dawa zikisukwa kwa kuvutwa. Kwa hiyo mwambie mapema, kabla hajaanza mstari wa kwanza: "Dada, naomba pembeni ulegeze." Akinuna, anune.

Usiku nafunga kofia ya satini, au nalalia foronya ya satini kwa kuwa kofia zina tabia ya kuhamia kusikojulikana alfajiri. Hariri halisi ni nzuri, ila sijaona tofauti ya kustahili bei. Nywele zangu nazisuka msuko mmoja mlegevu, ncha nazikunja ndani. Baada ya kuosha nakausha kwa fulana kuukuu ya pamba, nikibonyeza bila kusugua. Na mipira ya kubania yenye kile kipande cha chuma, itupe leo.

Kupunguza ncha hakuoteshi nywele, mizizi haina habari na mkasi. Lakini ncha iliyopasuka huendelea kuchanika kwenda juu, na kuing'ang'ania sentimita 2 za leo kutakugharimu 5 baadaye. Mimi hukata kwa kuangalia hali: chanuo likianza kukwama mahali pale pale pa mwisho kila nikichana, au nikiona vidoti vyeupe kwenye ncha, wakati umefika. Mkasi uwe wa nywele, mkali. Wa karatasi huiponda ncha, na iliyopondwa hupasuka upya mapema.

Bado vidonge. Biotini, aina ya vitamini B, ndiyo inauzwa zaidi, na ukweli ni kwamba upungufu wake ni nadra. Asiyepungukiwa hana ushahidi wa maana wa kufaidika nayo. Ina kero moja ambayo wauzaji hawaiandiki mbele: dozi kubwa huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi na kile cha troponini kinachotumika kutambua mshtuko wa moyo, na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu hilo mwaka 2017. Kama unaimeza, mwambie daktari kabla hujatoa damu. Minoksidili ni dawa kamili yenye ushahidi, lakini ni ya upara na nywele zinazopungua kutoka kwenye mizizi, haimhusu mtu ambaye shida yake ni ncha zinazokatika. Ukiiacha, nywele zilizoota kwa ajili yake hudondoka ndani ya miezi michache, kwa hiyo uliza kwanza kama uko tayari kuendelea nayo kwa miaka.