Kaka zangu wamenizuia urithi wa ardhi: nikienda mahakamani nitakuwa nimekata undugu?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe wetu. Baba yetu alifariki mwaka juzi, mama alishamtangulia. Tumebaki watano, wa kiume watatu na wa kike wawili. Baba aliacha shamba upande wa Ihumwa. Zamani tulilima uwele, sasa limepimwa na vimetoka viwanja 16. Kaka zangu wamegawana wao kwa wao, na viwili wameshamuuzia mtumishi aliyehamia Dodoma kutoka Dar es Salaam. Nilipouliza fungu langu, kaka mkubwa akasema kwa mila yetu mwanamke harithi ardhi, kwani ataipeleka ukoo wa mumewe. Anayemfuata, ambaye huniletea mchele kila Idd, anasema nimeanza mambo ya Beijing, yaani ya ule mkutano wa haki za wanawake, na kwamba Mwislamu wa kike hamfikishi kaka yake mahakamani. Sasa wameniletea karatasi nisaini kuwa nimesamehe. Nikidai nitapata dhambi?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Dada yangu, hupati dhambi, na undugu hujaukata wewe.

Kwamba binti ana fungu moja na kaka yake mawili, hilo halina ubishi baina yetu, silirudii. Madeni na wasia vikishatolewa, mafungu yenu ni 8. Kila kaka viwanja 4, kila binti viwanja 2. Hiyo ni kama vyote vina thamani moja, na najua havina, maana cha barabarani hakilingani na kilicho ukingoni mwa korongo. Basi vithaminiwe kwanza. Na vile viwili vilivyouzwa vimo ndani ya hesabu, fedha zake zirudi mezani.

Sasa kaka mkubwa na mila yake. Baba alipofariki, nani alimwosha? Alivishwa sanda ya nani, akaelekezwa wapi kaburini? Hapo hakuna aliyeitaja mila. Shekhe aliitwa, Yasini ikasomwa, ubani ukafukizwa. Siku ya kugawa shamba ndipo Uislamu ukawekwa kando, mila ikaitwa. Qur'an inawajua watu hawa: wakiambiwa fuateni aliyoyateremsha Mwenyezi Mungu, husema bali tutafuata tuliyowakuta nayo baba zetu. Tena eti ardhi itahama ukoo! Huyo mtumishi aliyenunua viwanja viwili ni wa ukoo gani? Kumbe ardhi huhama ikienda kwa dada, ikienda kwa mwenye fedha haihami. Shamba hilo lilipokuwa la uwele, ndege wakilimaliza, nadhani hakuna aliyegombana na dada yake. Serikali imehamia, kiwanja kina bei, mila imefufuka.

Huyu wa Beijing ndiye anayenikera zaidi, kwa sababu anasema kwa jina la dini. Saad bin Rabii aliuawa Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Ndugu yake akachukua mali yote. Mjane hakukaa ndani akalia. Aliwachukua mabinti zake wawili kwa mikono akaenda nao kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akashitaki: hawa ni mabinti wa Saad, ami yao kachukua mali yao, na hawataolewa bila mali. Mtume hakumwambia rudi nyumbani, usimwaibishe shemeji yako. Aya ya mirathi ikashuka, ami akaitwa, akaamriwa awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kinachobaki ndicho chake. Hadithi hii wameipokea Abu Daudi na Tirmidhi. Faraidhi, elimu ya kugawa mirathi tunayojivunia, ina mwanamke aliyekwenda kushitaki. Na Khaula bint Thaalaba alijadiliana na Mtume mwenyewe juu ya mumewe, sura ikafunguliwa kwa habari yake: Mwenyezi Mungu amekwisha sikia usemi wa mwanamke anayejadiliana nawe. Beijing ilikuwa wapi siku hiyo?

Hata hiyo Beijing wanayoitaja kama tusi, mkutano ule wa mwaka 1995, katibu mkuu wake alikuwa Gertrude Mongella, binti wa Ukerewe. Na miaka 40 kabla yake, 1955, Bibi Titi Mohamed, Mwislamu wa Dar es Salaam, alishika uongozi wa wanawake wa TANU, akiwapitia akinamama katika vikundi vyao vya ngoma. Wanaume wengi wanaowaambia dada zao wanyamaze wanakula matunda ya uhuru ambao mama yule aliusemea majukwaani.

Wala sheria za nchi hazikuwabeba wanawake kama watu wanavyodhani. Mwaka 1963, nchi ikiwa huru, sheria za mila ziliandikwa katika amri ya serikali, na ndani yake mtoto wa kike akawekwa daraja la mwisho katika kurithi. Mwaka 1990 ndipo Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu Mwanza, alipoamua kesi ya mama mmoja wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, jamaa wa ukoo wakataka mauzo yabatilishwe kwa kuwa ni mwanamke. Jaji akasema haki yake ya kuuza ni sawa na ya mwanamume. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikafuata, zikatamka kwamba mwanamke anamiliki ardhi kama mwanamume. Wakati huo aya ya 7 ya Suratun Nisaa, inayosema wanawake wanayo sehemu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi, ilikuwa imesomwa misikitini kwa zaidi ya miaka 1,300. Tunaisoma kwa tajwidi nzuri sana.

(Wapo leo wanaodai mafungu yawe sawasawa. Nina maneno nao, siku nyingine. Kosa lao haliwi kichaka cha kujifichia anayekula fungu zima la dada yake.)

Mimi mwenyewe sikuandiki kutoka mahali safi. Nikiwa kijana, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri, niliitwa kwenye kikao cha ukoo niandike muhtasari. Nikaandika kwenye daftari la shule: "Shangazi ameridhia." Hakuna aliyemuuliza. Alipewa doti moja ya khanga, akasogezewa stempu, akaweka dole gumba, kisha akajifuta wino kwenye khanga ileile mpya. Amekufa akiwa mpangaji. Ndiyo sababu swali lako limeninyima usingizi.

Kuhusu undugu: anayeukata ni aliyechukua, si anayeomba arudishiwe. Mtume amesema atakayechukua ardhi kwa dhulma, japo shubiri moja, atavishwa shingoni kutoka ardhi saba. Viwanja 2 ni shubiri ngapi? Ukimzuia kaka yako asibebe mzigo huo, umemfanyia udugu wa kweli.

Usianze na mahakama kama bado kuna mlango mwingine. Omba kikao, awepo imamu anayejua faraidhi na mzee mmoja ambaye kaka zako wanamwonea haya, na dada yako asibaki nyuma. Wakikataa, nenda Mahakama ya Mwanzo ya pale baba alipokuwa akiishi. Uliza kama yupo aliyeteuliwa msimamizi wa mirathi. Kama yupo, weka pingamizi. Kama hayupo, omba ateuliwe mtu mwaminifu, na chukua cheti cha kifo. Wakidai mila, mahakama huangalia marehemu aliishi vipi na alikusudia nini, basi tafuta mashahidi waliokuwa wakiswali naye. Toa taarifa pia ofisi ya ardhi ya jiji mapema, kabla kiwanja kingine hakijauzwa.

Mchele wa Idd upokee, ule na wanao, na mwombee dua aliyeuleta. Kusamehe ni kuzuri, lakini husamehe mtu kitu ambacho hakijawahi kufika mkononi mwako. Ukishakabidhiwa viwanja vyako kwa jina lako, ukitaka kumpa kaka yako kimoja, mpe. Ile karatasi usiisaini.

Wallahu aalam.