Unayetaka kununua hamsta "pea", usilipe kwanza

Usilipe. Na kama umeshalipa, rudi kwa huyo muuzaji mwambie unaondoka na mmoja, mwingine abaki naye mwenyewe.

Umeuliza vitu vinne kuhusu hamsta, hawa vipanya wa kufugwa tunduni: aina ipi inamfaa mtoto wa miaka minane, wanakula nini, joto la Dar watalivumilia vipi, na bei. Aina na joto tutafika huko. Kilichonitoa jasho ni ule mstari wako wa mwisho: "Muuzaji kanishauri nichukue pea, wote majike, maana mmoja atakufa kwa upweke." Mkuu, hayo maneno nayajua. Mwaka jana niliambiwa hivyo hivyo, nashuku hata ni jamaa yule yule.

Nikachukua wawili, "madada". Binti yangu akawaita Pilau na Kachumbari. Majirani hapa Tabata walicheka wakachoka: watu wanategea panya sumu, huyu bwana kanunua wawili na anawawekea maji safi. Nikawajibu kwamba Morogoro wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, basi na wa kwangu watasoma. Siku hizo nilikuwa na mdomo.

Wiki ya pili nikainua kifuu cha nazi tulichowawekea kama nyumba. Chini yake, katikati ya vipande vya gazeti, vitoto sita vyekundu, havina manyoya, kila kimoja kama punje ya harage. Nikakishika kimoja nimwonyeshe binti. Kesho yake vilikuwa vinne, na tundu halikuwa limefunguliwa. Umeshaelewa. Binti nilimwambia wale wawili wamepelekwa kwa bibi.

Nikampigia muuzaji. Unajua alisemaje? "Hongera bosi, umeshapata faida!"

Faida! Sasa sikia kosa lililonimaliza. Kachumbari, yule "dada", nilimwacha humo humo. Nikajiambia baba akae na familia yake, huruma za kijinga. Kumbe hamsta jike anaweza kushika mimba siku ile ile aliyojifungua, na mimba yenyewe ni siku 18 hadi 20 tu. Wale wanne ndiyo kwanza wanajua kula wenyewe, wakaja wengine watano. Na wale wa kwanza wakifika wiki tano hivi nao wameshakuwa watu wazima, hawajui nani mama nani dada. Miezi mitatu haijaisha nina roho kumi na tano kwenye tundu moja, mke wangu ananiuliza kama hii ni bweni ya wavulana au mchanganyiko.

Halafu zikaanza kelele za usiku, mlio mwembamba kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nikadhani wanacheza. Asubuhi moja binti aliamka kabla yetu. Kachumbari amelala kwenye gurudumu, ubavu umeliwa, na Pilau kakaa pembeni anajisafisha masharubu. Shule hakwenda siku hiyo, na mimi kazini nilifika saa tano.

Nikanunua matundu matano mengine kwa 45,000 kila moja, yaani 225,000 kwa ajili ya panya. Waliozidi nikawagawa kwa yeyote aliyeapa kwamba hana paka.

Upweke! Hawa hamsta wadogo asili yao ni nyika za Mongolia, Siberia na Kazakhstan. Huko wakigombana aliyeshindwa anakimbia. Ndani ya tundu akimbilie wapi, chooni kwako? Na huyo huyo muuzaji aliniambia hamsta wa Siberia atageuka mweupe "akizoea mazingira". Wale manyoya yao hugeuka mchana unapokuwa mfupi, na hapa Dar mchana wa Juni na wa Desemba hautofautiani hata saa moja. Atazoea mpaka azeeke.

Akikuapia kwamba wote ni majike, mgeuze mmoja chali. Vile vijitundu viwili vya mwilini, chini ya mkia, vikikaribiana ni jike, vikiachana ni dume, na dume mzima ana doa la njano katikati ya tumbo kama kitovu. Wakiwa wadogo hata mzoefu anakosea, ndiyo maana nakwambia mmoja, tundu moja. Hata madume wawili watupu watakuja kutoana damu.

Aina? Roborovski ndiye mdogo kuliko wote, gramu ishirini na kitu, nyusi nyeupe, mbio kama anadaiwa. Wa kutazama tu huyo, mtoto hatamshika. Wa Kichina ana mkia unaoonekana, akichomoka mtaani kwenu atapigwa ndala kabla hujajieleza. Kwa mtoto chukua wa Campbell au wa Siberia. Mmoja. Najua wapo watakaokuja hapo chini kusema Roborovski wanakaa wawili kwa amani. Hata wa kwangu walikaa kwa amani, mpaka siku ile.

Joto: likipita nyuzi 30 ni hatari kwake. Mwekee kipande cha kigae cha sakafuni ndani ya tundu alalie, na usiliweke kwenye dirisha linalopigwa na jua la jioni. Na wawili usiwaweke, ila hilo nimeshalisema.

Mimi nimebaki na mjukuu mmoja wa Pilau, jike, peke yake, mnene, hajawahi kuniletea malalamiko ya upweke. Matundu manne yapo stoo yanakula vumbi. Nitumie ujumbe uje uchukue bure. Nakupa moja, la pili usiombe.