Maswali na Majibu: Gemu yangu ya milango inaganda, ninunue laptopu gani?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Natengeneza gemu ya simu ambayo mchezaji anapita vichochoro vya Mji Mkongwe usiku akitafuta ufunguo wa kila mlango. Nilikwenda Unguja nikapiga picha milango kumi na miwili, kisha nikaigeuza kuwa maumbo ya 3D. Kwenye kompyuta yangu gemu inajikokota. Kwenye simu ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 2 inaganda, halafu inajifunga. Mwalimu mmoja wa kozi za mtandaoni ameniambia niongeze ukali wa picha zote kwa akili mnemba, nizime ubanaji wa picha ili ubora usipotee, kisha ninunue laptopu ya RAM GB 32 yenye kadi kubwa ya grafiki. Mzee wangu amekubali kunipa fedha za karafuu. Ninunue ipi? Faili nimeziambatisha.

JIBU: Waalaykumu salaam. Usinunue yoyote. Laptopu hiyo itakufungulia faili zako upesi, na simu itaganda vilevile, kwa sababu gemu haichezwi kwenye laptopu yako. Inachezwa kwenye simu ya shangazi yako, na hiyo hukuniuliza.

Nimezifungua faili. Kila mlango umeuvika picha tatu: ya rangi, ya mng'aro, na ile ya zambarau inayoidanganya taa ione mchongo pasipo na mchongo. Kila picha ina piseli, yaani nukta za rangi, 4096 kwa 4096. Wewe unaona JPG ya MB 3 na unajiambia ni ndogo. Simu haichori JPG. Lazima kwanza iikunjue, na kila piseli ikikunjuliwa inakula baiti 4, tatu za rangi na moja ya uwazi. Piga hesabu: picha moja inafika MB 64. Picha tatu kwa milango kumi na miwili ni MB 2,304. Simu yenyewe, pamoja na Android na WhatsApp ya mwenye simu, ina GB 2. Sasa ulitaka ifanye nini?

Na huyo aliyekwambia uzime ubanaji ndiye aliyekumaliza. Ubanaji wa picha za gemu si ule wa JPG. Picha iliyobanwa kwa ASTC, mtindo mmoja wa ubanaji huo, inakaa imebanwa hata ndani ya kumbukumbu, na chipu ya grafiki inaisoma hivyo hivyo, kipande kwa kipande. Ukichagua vipande vya piseli 6 kwa 6, kila kipande kinachukua baiti 16 badala ya 144. Kwa simu za zamani kidogo tumia mtindo uliotangulia, ETC2. Kisha shusha picha ziwe 1024 kwa 1024. Usishituke. Simu hizo za bei ya chini kioo chake kina piseli 720 kwa upana. Ukiilaza simu kuchezea, mlango mzima kuanzia kizingiti cha chini mpaka cha juu unapata piseli 720, basi. Hizo elfu nne ulizozibeba hazina pa kuonekana. Ukifanya haya mawili, picha zote za milango yako kumi na miwili hazifiki MB 25.

Maumbo nayo ni mazito. Umbo la 3D hushonwa kwa pembetatu, na mlango wako wa kwanza unazo zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa simu hizi, elfu tatu zinatosha, na nyingi kati ya hizo ziwe kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, na kwenye ukingo wa nje, sehemu ambazo jicho linaona umbo likikatika dhidi ya ukuta. Mchongo wenyewe uhamishie kwenye ile picha ya zambarau. Programu ya 3D iitwayo Blender inafanya kazi hiyo bure. Tena mchongo wa mnyororo unaopanda kwenye miimo, mbao za ubavuni mwa mlango, unajirudia: kata kipande kimoja safi, ukirudie mpaka juu, na ukitumie kwenye milango yote inayofanana. Fundi mchongaji naye alirudia kipande kile kile kwa patasi, hakuna aliyemwambia amedanganya.

Halafu njumu, zile misumari mikubwa ya shaba. Umepiga picha mchana, jua likigonga shaba. Unapozunguka na simu, nukta ya mwanga juu ya shaba nayo inazunguka, na programu inayogeuza picha kuwa 3D inadhani kitu chenyewe kimehama. Ndiyo maana njumu zako zimetoka kama majipu, nyingine zina tundu katikati. Usihangaike kuzitengeneza. Zifute zote, chora njumu moja kwa mkono, inakili mahali pake. Na kivuli cha saa saba kimekwama kwenye picha ya rangi, kwa hiyo gemu yako ya usiku ina mlango wenye kivuli cha jua. Vichochoro vyetu ni vyembamba, asubuhi mapema jua halijaingia ndani. Saa hiyo ndiyo ya kupiga.

Hayo ni ya ufundi, yanarekebishika kwa siku chache. Lililonikera ni jingine.

Nimetizama mlango wa saba, ule wenye maandishi juu ya kizingiti. Katika picha yako ya asili maandishi ni hafifu, vumbi limejaa, lakini ukituliza macho unasoma mwaka wa Hijria: 1289. Katika picha iliyopitishwa kwenye akili mnemba maandishi yamekuwa makali, meusi, yamenyooka, na mwaka umekuwa 1389. Mashine imeona 2 ya Kiarabu ina ukungu, ikaiongezea jino, ikawa 3. Mlango wa zama za Sultani Sayyid Barghash umehamia mwaka 1969 kwa hesabu ya Miladia, baada ya Mapinduzi. Hilo bado ni la kucheka. Teremka mstari wa chini yake. Nukta zimehama. Penye nukta chini sasa ipo juu, kwa hiyo ba imekuwa nun. Herufi mbili zimeungana zikawa kitu ambacho hakimo katika alifu wala katika yee. Mtoto aliyekaa chuo cha Kurani mwezi mmoja angekwambia hayasomeki. Na maandishi ya juu ya mlango mara nyingi ni aya. Umeiweka katika gemu aya iliyobuniwa na mashine, kisha unataka watu wa Wete na Mkoani waicheze.

Programu hizi haziongezi ukali. Ukali haupo pa kuutoa, kamera haikuuchukua. Zinakisia. Kwenye ukuta wa chokaa kukisia hakuna ubaya, nani atajua chembe ipi ni ya kweli. Kwenye maandishi, na kwenye mchongo ambao kila ua na kila samaki aliwekwa na mtu kwa kukusudia, kukisia ni kughushi. Tena ni kughushi kwa hatari, kwa sababu kilichoghushiwa kinapendeza kuliko cha asili.

Kwa hiyo picha zako za mwanzo, zile za vumbi, usizifute. Ziweke nakala mahali pawili tofauti, pamoja na yale maumbo mazito ya mamilioni ya pembetatu. Mnachanganya kazi mbili. Moja ni kuhifadhi, na huko uzito ni haki yake. Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe, ilijengwa mwaka 1883, na upande wake ukaanguka siku moja tu, Disemba 2020. Picha yoyote ya kweli ya ukuta ule, hata ya ukungu, leo ina thamani. Kazi ya pili ni gemu, ambayo inataka kidogo kilichochaguliwa. Faili la kwanza halipaswi kuguswa na akili mnemba, na la pili halipaswi kubeba mzigo wa la kwanza.

Sasa nirudi kwa vijana wote, maana swali la laptopu naletewa kila mara na chini yake pana imani ile ile: kwamba sanaa ya kidijitali ni ukali wa picha, na ukali unanunuliwa. Sijui nani aliianzisha. Gemu ya Tetris ilitengenezwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984 kwenye mashine iitwayo Elektronika 60 ambayo haikuweza kuchora picha kabisa. Vipande vyake vya mwanzo vilikuwa mabano ya kuchapa. Mwaka 2012 makumbusho ya sanaa ya MoMA ya New York yalipoanza kukusanya gemu, yakachagua 14 kwa kuanzia, Tetris ilikuwamo, na Pac-Man. Katika gemu ya Space Invaders ya mwaka 1978, chipu ilikuwa dhaifu mno kuwachora wavamizi wote upesi. Kila unapowaua, kazi ya kuchora inapungua na waliobaki wanakwenda mbio zaidi. Mtengenezaji wake, Tomohiro Nishikado, aliuona udhaifu huo akauacha, na ndio unaokutoa jasho mpaka leo. Msanii Cory Arcangel wa Marekani yeye alifungua kaseti ya gemu ya Super Mario mwaka 2002 akafuta kila kitu, Mario, ardhi, maadui, akaacha mawingu yakipita kwenye mbingu ya buluu. Hiyo nayo inahesabiwa katika sanaa ya kisasa, na watu wanasimama mbele yake.

Hata hapa kwetu. Edward Saidi Tingatinga, kule Dar es Salaam, alianza na vipande vya ubao na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, akafariki mwaka 1972, na rangi zile chache zilimpa mkono wake. Tembea leo maduka ya Mji Mkongwe uone wanaomwiga: rangi wanazo zote, turubai wanazo, na Wamasai wale wale wembamba wamepangwa dukani kwa mamia. Sisemi wasile. Nasema vifaa walivyomzidi navyo havikuwapa kitu cha kusema.

Gemu yako ina wazo zuri, na ndiyo maana nimekasirika. Umesema ni usiku. Nani anaziona nyuzi za mti wa msaji saa sita za usiku? Mchezaji ana taa moja mkononi. Akiwa mbali, kinachoonekana ni njumu tu, nukta za shaba zinazowaka na kuzimika anapotembea. Akisogea, mnyororo wa kwenye miimo unajitokeza. Akifika karibu kabisa, ndipo anasoma kizingiti, na hapo tu unahitaji picha nzuri, moja, ya kile kipande cha maandishi, uliyoisafisha wewe mwenyewe kwa mkono ukiwa na mtu anayejua kusoma khati. Kila kilichobaki ni giza, na giza halili RAM. Simu ya GB 2 ingeibeba gemu hiyo na nafasi ikabaki.

Mwalimu wako hakuliona hilo kwa sababu hakuitizama gemu. Aliona pochi. Watu hawa nawajua kwa mwenendo, majina yanabadilika. Mwaka 2021, picha ya msanii wa kidijitali Beeple ilipouzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 69, walikuja kutufundisha kuuza NFT, yaani hati za kidijitali za umiliki wa picha, na vijana wakalipia kuweka sokoni michoro ambayo hakuna aliyeinunua. Hilo lilipopoa wakawa walimu wa akili mnemba. Kozi ni ile ile: siku tatu, cheti chenye muhuri, orodha ya vitu vya kununua ambayo baadhi yake anaviuza mwenyewe. Neno "ubora" wanalitaja kila baada ya dakika, lakini muulize ubora wa nini, kwa simu gani, kwa macho ya nani, atakuonyesha video ya gemu ya Wamarekani iliyotengenezwa na mamia ya watu. Hakuna kati yao aliyenionyesha jedwali la kumbukumbu, linaloonyesha kila picha inakula MB ngapi, la gemu hata moja. Katika Godot na Unity, programu za kutengenezea gemu, jedwali hilo limo ndani, halilipiwi, na lingekuonyesha zile MB 2,304 kabla hujaandika barua hii.

Na wazazi nao wananisikitisha, kwa sababu mzee anayempeleka mwanawe skuli kwa fedha za karafuu anajua kupima pishi, anajua karafuu iliyokauka na iliyotiwa maji, lakini akiambiwa "kompyuta" anaacha kuuliza. Aulize. Bei ya laptopu hiyo ni mavuno.

Kama bado unataka kulipia mafunzo, sawa, wapo wanaojua. Mtu yeyote anayetaka fedha yako, mpe simu hii hii inayoganda, mwambie aingize gemu aliyoitengeneza yeye, uicheze palepale mbele yake dakika kumi. Si video, si laptopu yake. Wengi wao ukifika hapo hupata safari ya ghafla ya kwenda Dar.