Nina VVU: Je, Siruhusiwi Kupandikizwa Mimba?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 34 na ninatumia dawa za kufubaza virusi tangu mwaka 2014. Kipimo changu cha mwisho cha wingi wa virusi kilisoma chini ya 50. Mume wangu hana maambukizi. Kwa miaka miwili tumekuwa tukiweka manii yake kwa bomba lisilo na sindano ili asiambukizwe, siku tatu baada ya hedhi kukauka, lakini mimba haiingii. Hospitali moja ya binafsi imetuambia kuwa mwenye VVU hapandikizwi mimba. Je, ni kweli?
Mwenye Subira, Tanga

JIBU: Marahaba, dada. Si kweli. VVU peke yake si sababu ya kitabibu ya kumnyima mwanamke huduma hiyo; kinachotazamwa ni afya yake na kama virusi vimefubaa, yaani vimebaki vichache mno kwenye damu, na vyako vimefubaa.

Hata hivyo, kabla ya kuzungumzia huduma ya mamilioni ya shilingi, niruhusu nirudi kwenye zile siku tatu, kwani ndizo zilizonishtua katika barua yako. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 hutoa yai karibu na siku ya 14, akihesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi, na yai hilo huishi takribani siku moja tu. Hedhi yako ikikauka siku ya tano, mmekuwa mkiweka manii siku ya nane, na mbegu nyingi hufa kabla yai halijatoka. Jaribuni kati ya siku ya 10 na ya 15.

Wala bomba si la lazima tena. Katika utafiti wa PARTNER uliochapishwa mwaka 2016, jozi 888 za wenza wa Ulaya zilifuatiliwa wakijamiiana bila kondomu huku mwenye VVU akiwa na virusi vilivyofubaa, na hakuna aliyemwambukiza mwenzake. Zungumzeni kwanza na mhudumu wenu wa CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU). Mume akiwa bado na hofu, anaweza kumeza dawa kinga ya VVU (PrEP).

Kwa umri wako, vipimo navyo visisubiri. Mume apimwe manii mapema (kipimo chepesi ambacho wanaume wengi hukikwepa huku wake zao wakizungushwa hospitali), nawe upigwe eksirei ya mirija ya uzazi, kwani klamidia na kisonono huiziba kimyakimya. Ikiwa yote miwili imeziba, hapo upandikizaji ndio njia: mayai huvunwa, hurutubishwa maabara kwa manii ya mume, kisha kiinitete hurudishwa kwenye mji wa mimba.

Usikatishe dawa hata siku moja, anza foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, na uendapo hospitali nyingine beba majibu ya wingi wa virusi.