Wadogo zangu, hiyo hesabu mmeifanyia wapi?

Wiki hii intani mmoja hapa ofisini Kisumu, simtaji, anajijua, amebandika namba za simu za wateja kwenye konsoli ya brauza, pale unapoandika kodi ya JavaScript ikajibu papo hapo, bila alama za kunukuu ati azipange haraka, halafu ananiita amekunja uso, "data imeharibika." Data haikuwa na shida yoyote. JavaScript ikikuta namba imeanza na sifuri na haina 8 wala 9 ndani inaisoma kwa mfumo wa nane (tarakimu 0 hadi 7) badala ya wa kumi, 0712 inageuka 458, na ikikuta 8 au 9 inameza tu ile sifuri inaendelea na safari. Bagi hii nimeiona kwa watu watatu sasa, na mmoja wao ni mimi. Namba ya simu ni maandishi jamani, hakuna siku utaijumlisha. Python 3, lugha nyingine ya programu, angalau inakataa papo hapo.

Basi wacha niandike kuhusu pale mnapojaribia hesabu za haraka, kabla presha haijapanda.

1. Kikokotoo cha simu ni cha kugawana bili ya samaki pale Dunga, si cha VAT. Mteja amekupa 1,160 ikiwa na VAT ya 16% ndani, wewe unabonyeza 1160 − 16% unapata 974.40 na unaridhika. Gawanya kwa 1.16, ni 1,000. Na kile cha Windows kikiwa Standard, 2 + 3 × 4 kinakupa 20, ukikiweka Scientific kinakupa 14. Laptopu ni ileile.

2. bc, kikokotoo cha kuandika amri kwenye terminali, naipenda sana, inafunguka hata kwa mashine iliyochoka, lakini 10/3 itakwambia 3 na haioni haya. Andika bc -l ndiyo upate desimali. Tuendelee.

3. Konsoli na Python zote zitakwambia 0.1 + 0.2 ni 0.30000000000000004, hiyo mnaijua na mnaichekea. Ile msiyoijua ni kwamba round(2.5) kwa Python ni 2 na Math.round(2.5) kwa JavaScript ni 3, kwa hivyo ukijaribu hesabu huku na programu iko kule, senti zitapigana. Jaribu kwa lugha ileile itakayolipa watu. Pesa tumia Decimal, aina ya namba ya Python inayotunza desimali kama ulivyoiandika, na uipe maandishi ndani ya nukuu, usiipe floti, ile desimali ya kawaida ya kompyuta iliyokwisha kuharibika.

4. Notibuku, yaani kodi unayoiandika vipande vipande (seli) na kurun kimoja kimoja. Hapa mkae chini.

Miaka ya nyuma nilikuwa nafanyia kazi chama kimoja cha maziwa kule juu upande wa Vihiga, kazi yangu ni kutoa faili la CSV la malipo ya mwezi. Mfumo wenyewe haukuwa umeisha, sasa nikawa natumia notibuku ya Jupyter "kwa muda", na mnajua "kwa muda" ya developa huwa ni miaka mingapi. Bei ya lita ilikuwa 45, unatoa 3 za usafiri, mkulima anabaki na 42. Nikaandika seli moja, bei = bei - 3, nikairun, nikapima wakulima wawili kwa mkono, iko sawa kabisa, nikajisifu. Mara stima ikapotea. Laptopu ina chaji lakini ruta imekufa, nikatoka nikanywa chai, nikapiga stori na jamaa wa chini, kurudi sikumbuki niliishia wapi, nikaanzia ile seli, Shift na Enter, Shift na Enter hadi chini. Bei sasa ni 39. Na ilinionyesha! Seli ya juu yake imeandikwa [6], yenyewe [12], na hizo ni namba za zamu ya kurun, ilifaa iwe [7]. Macho yangu yalipita hapo kama matatu iliyojaa inavyopita stejini.

Ijumaa jioni pesa zikatoka kwa M-Pesa, wakulima 214. Jumamosi asubuhi na mapema katibu ananipigia, hata salamu hakuna, "kijana wangu, umetufanya nini?" Kumbe kuna mama mmoja alileta lita 386 na huwa anaandika kwa daftari la mtoto, kwa penseli, kila asubuhi. Daftari lilisema 16,212. Simu yake ilisema 15,054. Shilingi 1,158 hazipo, na kwake hiyo ilikuwa ni ya shule. Nilipanda matatu nikaenda mwenyewe maana kwa simu nisingeweza, nikasimama mbele ya watu wameshika makopo, nikaanza kueleza mambo ya kerneli na veriabo, mzee mmoja akanikatiza polepole, "Sasa hiyo kompyuta yako, na yenyewe inakunywa maziwa?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Malipo ya nyongeza yalitoka Jumatatu na gharama za kutuma nikakatwa mimi, na ilikuwa haki.

Kwa hivyo: usiandike bei = bei - 3, andika bei_halisi = bei - 3, hata ukiirun mara mia. Kabla ya kutoa faili, Restart Kernel and Run All, yaani futa kumbukumbu yote, run seli zote upya toka juu. Na ukifuta seli, veriabo yake haijafutika, bado iko hai kwenye kumbukumbu inakungoja.

5. Programu za kikokotoo: Soulver ni nzuri ila ni ya Mac na ya kulipia, SpeedCrunch na Qalculate ni za bure, chagua yoyote, mimi sigombani na mtu kwa hilo. Excel pia sawa, lakini hiyo nayo inakula sifuri ya mbele kwa 07.

6. Nilikuwa na la sita nimelisahau. Ah, stima. Karatasi yako ya majaribio iseviwe, tabu ya brauza haina huruma.

Yule wa namba za 07, nakuona unasoma. Jumatatu ukija, zile namba ziko ndani ya nukuu, na uje na daftari. La penseli.