Jibu: Mwenye nyumba anataka tuhame Mji Mkongwe aweke wageni

Salaam ndugu yangu. Kwa hiyo mwenye nyumba wenu hapo Mji Mkongwe, Zanzibar, anataka mhame ili vyumba viwe vya watalii. Kabla ya kubishana, jua kwanza nyumba ni ya nani hasa. Nyingi pale ni za wakfu (mali iliyowekwa kwa ajili ya dini au hisani), nyingine za Serikali, na huyo anayepokea kodi huenda naye ni mpangaji tu (kwetu, mtaa wa Malindi hapo hapo Mji Mkongwe, ilikuwa hivyo). Ikiwa ya wakfu, nenda Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana na risiti zote. Halafu ulizia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe kama ana kibali cha kubadilisha jengo. Mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, kwa hiyo kubadilisha jengo huombewa ruhusa. Kwetu ujenzi ulisimamishwa, tukapata muda wa kutafuta pengine. Kuhusu notisi ya kuhama siwezi kukusemea, mkataba wako sijauona. Mna wa maandishi?