Mbunge mpya, ukisubiri mjadala umechelewa

Uwe umechaguliwa au umeteuliwa, huna kazi bungeni kabla ya kiapo. Katiba ya Tanzania inamruhusu asiyeapa kushiriki jambo moja tu, uchaguzi wa Spika. Uingereza, anayepiga kura kabla ya kuapa hutozwa faini na kiti chake huwa wazi.

Ukishaapa, nenda kwa makatibu wa mezani, watumishi wa Bunge wanaomshauri Spika kuhusu taratibu, na Kanuni za Kudumu za Bunge mkononi, uulize muda wa mwisho wa kuwasilisha maswali na marekebisho. Uandike mahali unapopaona kila siku.

Kosa kubwa la wageni ni kusubiri muswada ufikie mjadala ndipo wausome. Wakati huo kamati imeshawasikiliza wadau na serikali imeshaamua itakubali nini. Uchukue siku ileile unaposomwa mara ya kwanza, yaani unapowasilishwa rasmi bungeni. Anza na kifungu cha tafsiri, kwa sababu neno likipewa maana finyu pale, vifungu vyote vinavyofuata vinabanwa. Kama ni muswada wa marekebisho, weka pembeni sheria mama, yaani ile inayorekebishwa. Bila hiyo hutaelewa kinachofutwa.

Pendekezo lako la kubadilisha muswada liandike kwa maneno kamili: "Katika kifungu cha 12(2), neno 'anaweza' lifutwe na badala yake liwekwe 'atatakiwa'." Neno hilo moja linamwondolea waziri hiari na kumpa wajibu. Hotuba ya dakika kumi inayoishia "naiomba serikali iliangalie hili" haibadilishi hata nukta, hata ikipigiwa makofi. Angalia pia usiweke wala kuongeza kodi au matumizi: chini ya Ibara ya 99 ya Katiba, mambo hayo Tanzania huja kwa pendekezo la Rais kupitia waziri.

Maswali nayo yawe membamba. Ukiuliza "serikali ina mpango gani," utajibiwa kwamba mchakato unaendelea. Uliza: kati ya fedha tulizopitisha kwa mradi huu, kiasi gani kimeshatolewa, na lini? Bajeti kupitishwa na fedha kutoka ni vitu viwili, na wananchi huumia hapo katikati.

Mahudhurio usiyachukulie kirahisi. Kenya, kukosa vikao 8 katika kipindi kimoja bila ruhusa ya Spika kunaweza kukugharimu kiti. Tanzania ni mikutano mitatu mfululizo, na mkutano mmoja huwa na vikao vingi. Ukiumwa au ukifiwa, omba ruhusa kwa maandishi na ubaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.